Siku Wachira Alipovua Shati Kendu Bay

Baba hakukataa na hakukubali. Alisema tu, "Mlete Jumapili, twende naye Kendu Bay. Tukirudi Roret nitakuwa na neno moja."

Namjua baba yangu. Mzee Ogoti akisema atakuwa na neno moja, linakuwa moja kweli, na likishatoka halirudi mdomoni. Kwa hiyo Jumapili ile ya likizo ya Aprili nilivaa gauni langu la kijani, nikasuka nywele upya, nikajiambia: Janefer, leo hutalia. Leo utarudi na ndiyo.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwaya ya kanisa letu dogo la Kisabato. Kila mwaka, majani ya chai yakiwa mengi na mikono imechoka kuchuma, tunachanga, tunakodi gari la Kipkoech, tunateremka Sotik, Kisii na Oyugis mpaka ziwani. Asubuhi tunaona kanisa la zamani la Gendia, mchana tunakula samaki ufuoni, jioni tunapanda tena milimani kabla giza halijaingia. Sisi tumezaliwa katikati ya chai. Maji mengi hivyo tunayatazama mara moja kwa mwaka, kama watu wanaotazama harusi ya jirani tajiri.

Mwaka huu kulikuwa na mgeni mmoja. Wachira, mtoto wa Magdaline wa agrovet, duka la dawa za mifugo.

Tulijuana kwa sababu ya ng'ombe. Nilienda dukani kwao kununua dawa ya minyoo. Akaniuliza ng'ombe ana uzito gani. Nikasema, "Ni mkubwa." Akacheka mpaka akashika kaunta, kisha akafunga duka, akanifuata hadi nyumbani na utepe wake, akampima ng'ombe kifuani taratibu, huku akimsemesha kama mgonjwa binadamu. Ng'ombe alipona. Mimi sikupona.

Mama yake hakuwa na shida. "Mtoto wa kanisa la Jumamosi ni baraka," Magdaline aliniambia akipanga chupa za dawa. "Jumamosi ataenda kwake, Jumapili nitaenda kwangu, na duka halitafungwa hata siku moja." Shida ilikuwa upande wetu. Wachira ni Mkikuyu na ni Mkatoliki, na baba ni mzee wa kanisa na ni Mkisii tangu kisigino hadi utosini.

Nilikuwa nimemfundisha Wachira wangu kila nilichoweza. Usimpe baba chai. Anailima, analipia watoto karo kwa hiyo, lakini kwa ajili ya imani hajawahi kuionja. Ufuoni usiagize kambare. Samaki asiye na magamba hatumli. Usipige simu Jumamosi kuuliza bei ya maziwa.

"Na kucheka?" aliniuliza. "Naruhusiwa kucheka?"

"Cheka kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama mtu aliye kwa daktari wa meno."

Basi tangu Roret mpaka Kendu Bay alikaa kiti cha nyuma akitabasamu na midomo imefungwa, na kila nilipogeuka nilikuta macho yake yananingoja. Sijui kama ni haki mtu kuwa na macho kama yale. Yalikuwa yananiambia mambo mbele ya kwaya nzima, na kwaya ilikuwa inaimba juu ya Yordani.

* * *

Kendu Bay ni mji uliotulia. Maduka ya zamani yenye veranda, msikiti mweupe, mbuzi wanaovuka barabara bila haraka, halafu gati kuukuu linaloingia ziwani, lililojengwa enzi za meli za mvuke. Meli haziji tena. Kuna mitumbwi michache, omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa kwenye nyavu, na magugu maji ya kijani yanayosogea na upepo.

Joto lilitupiga kama mlango wa jiko. Watu wa kwaya walivua masweta. Mama hakuvua. Mama yangu, ambaye kila mtu anamwita Mama Bosire kwa jina la kaka yangu mkubwa, alibaki na koti lake zito la Kericho, kitambaa cha zambarau kichwani, akijipepea kwa kitabu cha nyimbo.

"Vua koti, wifi," Senge Marcella alimwambia. Senge ni dada yake baba, mwembamba, mwenye ulimi unaokata pande zote mbili. "Utaiva kabla ya samaki."

"Sikuja hapa kuvua nguo mbele za watu."

"Nani amesema nguo? Nimesema koti!"

Onsongo, mwalimu wetu wa kwaya, hakungoja kuambiwa. Tulipofika tu alibaki na kaptura, akajirusha majini kama kiboko, akatoka anatiririka, akajirusha tena. Alikuwa na kitambi cha kuheshimika, na alikitembeza ufuoni bila wasiwasi wowote. Akapita mahali mama alipokuwa anakata nyanya, na mama bila kuinua uso akamwambia, "Mwalimu, nipe hiyo chumvi hapo." Akampa, huku maji yakimdondoka kwenye nyanya. Mama akamfukuza kwa mwiko, wote wakacheka.

Mimi na Wachira tulitembea gatini, tukiwa tumeachana hatua kadhaa, kama watu ambao kila mmoja ametoka kwake. Baba alikuwa ameketi kivulini mbele ya hoteli ya samaki, na tulijua anatuona.

"Amenitazama tangu Sotik," Wachira alisema kwa sauti ya chini, akiangalia maji. "Hajaniuliza hata swali moja. Si angeniuliza? Nimejiandaa. Nimejua hata jina la babu yako."

"Baba hapimi mtu kwa maswali."

"Anapima kwa nini? Angenipa utepe nijipime mwenyewe."

Nilicheka, si kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Akageuka akanitazama, na kwa muda nilisahau gati, nilisahau kivuli kile na mzee aliyekuwa chini yake. Upepo ulikuwa unampeperusha ukosi wa shati. Nilitamani kuunyoosha. Mkono wangu ulianza kwenda wenyewe, nikaurudisha, nikaushika kwa huu mwingine.

"Nimeona," alisema.

"Umeona nini?"

"Huo mkono. Uambie nitaungoja."

"Na akisema hapana?"

Alirudisha macho majini kwanza. Wachira si mtu wa maneno ya haraka. Hilo ndilo lililonifanya nimpende zaidi ya macho yake. "Janefer," alisema, "mimi nitamheshimu baba yako. Siwezi kukutorosha kama mbuzi wa watu. Lakini kama atasema hapana, nitamuuliza ni kwa nini, na hiyo sababu nitaishughulikia. Kama inarekebishika, nitairekebisha. Kama ni kabila langu, nitakaa pale mlangoni kwenu mpaka anizoee."

"Utakaa mpaka lini?"

"Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Hapo ndipo upepo ulipovuma kwa nguvu kuelekea ziwani. Tulisikia kelele ufuoni, tukageuka. Kitambaa cha mama, kile cha zambarau, kilikuwa kimefunguka. Kilipaa juu ya sufuria, juu ya mitumbwi, kikatua majini mbali kidogo, kikaanza kuogelea kuelekea Homa Bay. Mama alisimama ukingoni ameshika kichwa chake kitupu kwa mikono miwili.

"Kitambaa changu!" alilia. "Alinipa marehemu mama yangu!"

Sikupata nafasi ya kusema lolote. Wachira alikuwa ameshaondoka. Alikimbia gati lote, huku anafungua vifungo. Shati likabaki kwenye mawe. Suruali ikabaki kwenye mchanga. Akaingia majini na kaptura fupi ya ndani, akaogelea vizuri, mkono kwa mkono, jinsi alivyojifunza kwenye bwawa la Roret akiwa mdogo. Kwaya ilimshangilia. Kipkoech, dereva, alipiga honi. Nami nilisimama juu ya gati, moyo umenijaa, nikawaza: sasa baba ameona. Sasa hakuna swali tena.

Wachira alikishika kitambaa, akakizungusha hewani, akarudi. Akatoka majini akiwa anang'aa, kifua wazi, maji yakimtiririka mapajani, uso umejaa furaha. Akapanda ufuo moja kwa moja mpaka kwa mama. Akasimama mbele yake, karibu kabisa. Akainama kwa adabu. Akamnyooshea kitambaa kwa mikono yote miwili, na alipoona mama hakipokei, akauchukua mkono wake, akakiweka kiganjani.

"Mama," alisema, "hiki hapa."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, akageuka, akakimbia. Mama yangu, mwenye magoti mabaya, na koti lake zito, alikimbia mpaka nyuma ya hoteli. Kivulini, baba alisimama polepole, akawapa watu wote kisogo, akatazama kilima kana kwamba kuna mtu anateremka huko.

Honi ilinyamaza. Kwaya ilinyamaza. Wachira alibaki amesimama, mikono bado iko mbele, mitupu, maji yakimdondoka.

* * *

Kwetu kuna kitu tunakiita chinsoni. Ni haya, lakini si haya ya mtoto anayejificha nyuma ya mlango. Ni heshima inayokaa mwilini. Mkwe na wazazi wa mke hawashikani mikono. Hawaketi meza moja wakatazamana. Na zaidi ya yote, hawaonani miili. Mama mkwe akimwona mkwe wake kifua wazi, ni kama nyumba imeezuliwa paa mchana. Hakuna anayekaa chini akufundishe. Unakua ukiona mama anaacha njia kuu na kupita kwenye majani kwa sababu mume wa binamu yako anakuja, nawe unajua. Ndiyo maana nilimfundisha Wachira samaki na chai, na hili halikunijia akilini. Nani humfundisha mtu kupumua?

Senge Marcella alinijia juu ya gati, ameshika viatu mkononi.

"Baba yako amesema gari liondoke."

"Samaki bado hawajaiva."

"Janefer, nani anazungumza habari za samaki? Ati amemshika mkono! Nusu uchi!" Kisha, kwa sababu Senge ni Senge, mdomo ukamtetemeka. "Na ana mabega, huyo mtoto wa Magdaline."

"Senge!"

"Mimi si mama yako. Mimi nimeona tu."

Nilimkuta Wachira nyuma ya mitumbwi, anavaa shati bila kujikausha. Vifungo vilikuwa vinamkataa. Hakunitazama.

"Nimefanya nini?"

Nilimweleza. Nilimweleza harakaharaka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kuporomoka.

"Nilimletea kitambaa cha mama yake," alisema. "Nilidhani... Janefer, wote walikuwa wananishangilia! Wewe ulikuwa unanishangilia!"

"Najua."

"Sasa nimekuwa mtu mchafu."

"Hakuna aliyesema mchafu."

"Amekimbia! Mama mwenye umri ule amenikimbia kama amekutana na fisi." Kifungo kikamponyoka tena. "Mwambie Kipkoech asinihesabu. Nitapanda gari la Oyugis. Baba yako asilazimike kukaa na mimi gari moja mpaka Roret."

"Ukiondoka leo umekwisha."

"Kwani sijaisha?"

"Ulisema utakaa mlangoni mpaka akuzoee! Hujakaa hata lisaa limoja!"

Tulitazamana kwa hasira. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kugombana, na nilishangaa kuona kwamba hata katikati ya ugomvi nilikuwa nataka kumkausha nywele.

Alikaa chini kwenye ukingo wa mtumbwi. "Niambie kitu kimoja tu nielewe," alisema taratibu zaidi. "Mwalimu Onsongo ametembea hapa na kaptura tangu tulipofika. Mama yako amemwomba chumvi. Ameipokea mkononi. Mbona yeye hajakimbiwa?"

"Onsongo ni mtu tu. Chinsoni si ya kila mtu. Hata dereva akivua shati, haimhusu mama. Ni ya..."

Nikavitazama vifungo vyake.

"Ni ya nani?" Wachira aliuliza.

Niliinama nikamfunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, mpaka cha shingoni. "Kaa hapa," nilimwambia. "Vaa viatu. Usipande gari la Oyugis wala la mbinguni. Kaa hapa mpaka nirudi."

* * *

Baba alikuwa bado anatazama kilima. Senge alikuwa ameketi karibu naye, na nyuma ya ukuta wa mabati, mahali nisipomwona, nilisikia mama akipenga kamasi.

"Baba."

"Ingia garini."

"Nitaingia. Lakini ulisema una neno moja, na mimi nina swali moja."

"Kuna mambo binti hazungumzi na baba yake."

"Ndiyo. Kwa hiyo nitamuuliza Senge, na wewe utasikia kwa bahati mbaya."

Senge alikohoa. Akajiweka sawa kwenye kiti kama hakimu. "Uliza, mwanangu."

"Senge, mwalimu Onsongo amekuwa kifua wazi mbele ya mama tangu tulipofika. Kwa nini mama hakukimbia?"

"Onsongo?" Senge alisema. "Onsongo si kitu chake."

"Na Kipkoech angevua?"

"Avue hata paa la gari. Si kitu chake."

"Sasa Wachira ni kitu gani kwake?"

Senge aliinua kidole kujibu. Kisha nikaona macho yake yanapanuka, na kicheko kinapanda kutoka tumboni, anakizuia, kinapanda. "Ogoti," alisema. "Mtoto amekushika."

"Hajanishika."

"Amekushika shingo! Kama huyu Mkikuyu ni mtu baki, basi kifua chake ni kama cha ng'ombe, na wewe unatazama kilima kwa sababu gani? Kuna nini pale kilimani?"

"Marcella, usinichezee."

"Sichezi. Nani anamkimbia mtu ambaye si mkwe wake?"

Baba aligeuka. Nilitarajia hasira, na ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukitarajia. Alikuwa mzee. Sikuwa nimeliona hilo hadi siku ile, kwenye mwanga ule mwingi wa ziwa.

"Unafikiri sijamwona huyo kijana?" aliniambia mimi moja kwa moja, akasahau kupitia kwa Senge. "Nimemwona. Nimemwona akimpima ng'ombe wangu. Mtu anayemsemesha ng'ombe hivyo hatampiga mwanangu. Si yeye ninayemwogopa."

"Unaogopa nini, baba?"

"Naogopa siku watoto wenu watakapoingia chumbani kwangu bila kubisha. Siku watakaponiita 'wewe mzee' wakila mezani na mimi kama rika langu. Haya yote tunayoyashika, Janefer, hayajaandikwa popote. Yamo ndani yetu tu. Wewe ukienda, nani atawatia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kabila, kwa dini, kwa majirani. Sikuwa nimejiandaa kwa hofu.

"Mimi," nilisema. "Mimi nitawatia. Na yeye. Baba, yule hakujua, na kwa kutojua aliingia majini kwa ajili ya kitambaa cha marehemu nyanya. Sasa ameshajua. Yuko kule nyuma ya mitumbwi, amefunga shati mpaka shingoni kwenye joto hili, na hatoki mpaka aambiwe atoke. Mwingine angekuwa ameshafika Oyugis. Huyo anafundishika. Na mimi simwachi. Nimekuja kukuambia hivyo nikiwa nakuheshimu. Ukisema hapana leo, nitarudi kesho kukuuliza, na kesho kutwa. Sitatoroka. Nitakuuliza tu mpaka uchoke."

Baba alinitazama. "Huo ukaidi umeutoa wapi?"

"Atautoa wapi kwingine?" Senge alisema, akitazama juu.

Kisha sauti ya mama ikatoka nyuma ya mabati, nzito kwa kamasi.

"Ogoti."

"Nakusikia."

"Mimi sikufikiri kabla ya kukimbia. Miguu ilienda yenyewe."

Baba aliugeukia ukuta wa mabati.

"Nilikuwa nimejiambia nitangoja neno lako," mama aliendelea. "Lakini miguu ilishajua. Sasa nitaiambia nini? Niiambie ilikosea?"

Mwanamke mwenye hoteli alitokeza mlangoni na kisu mkononi, akauliza kama samaki wetu wageuzwe au waachwe, maana mafuta yanaungua. Baba alivua kofia, akajipangusa kipara, akaivaa tena.

"Zamani," alisema hatimaye, "kwa jambo kama hili angetoa mbuzi wa kusafisha."

"Sisi tuliacha kuchinja," Senge alisema. "Wewe ndiye uliyewahubiria watu."

"Najua nilichohubiri!" Akavuta pumzi. Alipozungumza tena hakunitazama mimi; alilitazama ziwa, na sauti yake ilikuwa ile ya kutoa matangazo kanisani. "Marcella, mwambie huyo kijana wazee wake waje Agosti, shule zikifungwa. Waje kwa adabu, si kwa kelele. Na mwambie akifika nyumbani kwangu asimsalimie mama kwa mkono. Asimame mbali, aseme, aitikiwe. Viti vya kina mama ni upande wa jikoni, yeye asivikaribie."

"Nimwambie hayo yote?"

"Mwambie. Na binti huyu," akanionyesha kwa kidevu, "atoe sahani. Hatuwezi kurudi Roret na njaa kwa sababu ya shati."

Senge alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mimi sikulia, kama nilivyojiahidi. Niligeuka tu upande, nikashika ukuta wa mabati uliokuwa unaunguza, nikaushika hivyohivyo.

* * *

Wachira alikuja nyuma ya Senge kama mtu anayepelekwa hospitali. Alisimama mbali, karibu na nguzo ya veranda, akasema kwa sauti kubwa iliyokauka, "Mzee, sikujua. Sasa najua. Halitarudiwa."

"Kaa," baba alimwambia. "Si hapo. Kule."

Akakaa kule. Mama alitoka nyuma ya ukuta akiwa amefunga kitambaa chake kilicholowa, macho chini. Alichukua kiti cha plastiki, akakizungusha, akakaa akiwa amempa Wachira mgongo mzima, koti na yote.

Nilipompelekea samaki, ngege mkubwa wa kukaangwa na kipande cha ugali, Wachira alikuwa amepauka.

"Janefer," alininong'oneza, "Senge anacheka, baba yako ametaja Agosti, sielewi kitu. Lakini mama yako bado amekasirika. Tazama. Amenigeuzia mgongo."

Nilichutama kuweka sahani mbele yake, na kwa vile baba alikuwa ameinamisha kichwa kuomba baraka ya chakula, niliunyoosha ule ukosi wa shati. Ulikuwa umelowa na una joto.

"Wachira," nilisema, "hivyo ndivyo mama mkwe anavyokaa."

Alinitazama mimi. Alitazama ule mgongo. Nikaona neno linaingia, polepole, kama maji kwenye udongo mkavu. Midomo ikasahau daktari wa meno. Kisha akasimama, akakichukua kiti chake, akakizungusha kwa uangalifu mpaka na yeye akampa mama mgongo, akaketi, uso kwa ziwa, sahani magotini.

Walikula hivyo, migongo miwili, hatua chache katikati. Kwaya nzima ilijifanya haioni.

"Samaki ni mtamu, mama," Wachira aliliambia ziwa.

Mama alichambua mwiba, akauweka pembeni ya sahani.

"Janefer," alisema, akiuambia ukuta wa hoteli, "mwambie ale polepole. Hawa wa huku wana miiba mingi."